Wembe wa Baraza la Mji

Katika malango ya viwanja vingi vya michezo vilivyojengwa na serikali za mitaa huko Marekani na Uingereza hukutwa kibao chenye maneno machache, ambayo kwa Kiswahili maana yake ni haya: ingia kwa hatari yako mwenyewe. Maneno hayo ni mafupi, na kwa sababu ya ufupi wake watu wengi huyapita bila ya kuyafikiri. Mimi nimeyafikiri, na naona yametwikwa mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Baraza la mji huyatundika langoni mfano wa hirizi, likiamini kwamba tangu siku hiyo hapana mguu utakaovunjika ndani ya ua ule ukawa na neno la kudai. Kusudi la insha hii ni kuipinga imani hiyo. Lakini siipingi ili kuwapendeza wale watakao kila mfupa uliovunjika ulipiwe fidia kwa fedha za umma. Hao nao nitawapinga, tena nitaanza nao.

Mfano nilioutwaa ni kiwanja cha ubao wa magurudumu. Msomaji ambaye hajauona mchezo huu na aelewe kwamba ubao wenyewe ni mwembamba, urefu wake hupata kiasi cha sentimita 80, na chini yake umetiwa magurudumu manne madogo. Mchezaji husimama juu yake bila ya kujifunga kamba wala kushika usukani. Hushuka mteremko, hupanda ukuta wa zege uliopindwa kama ubavu wa bakuli, huruka hewani pamoja na ubao wake, kisha hutua. Na asipotua juu ya ubao hutua juu ya kiwiko. Magurudumu yale ni madogo hata kijiwe cha kadiri ya punje ya hindi huweza kuyazuia ghafula. Hapo ubao husimama, na mwili wa mchezaji huendelea na safari. Hakuna ajifunzaye mchezo huu bila ya kuanguka. Kuanguka ndiyo alifu yake.

Mchezo huu ulizaliwa California katika karne ya ishirini, na katika miaka ya 1970 ulienea upesi kwa sababu ya magurudumu mapya ya poliyurethani, ambayo yalishika ardhi vizuri kuliko yale ya zamani. Ukame ulipoipata nchi ile mwaka wa 1976 na wa 1977, vijana waliona faida katika mabwawa ya kuogelea yaliyokuwa matupu, wakajifunza kupanda kuta zake. Wafanyabiashara nao waliona faida yao, wakajenga viwanja vya kulipia kiingilio. Kimoja katika vile vya kwanza kilifunguliwa Carlsbad mwaka wa 1976. Haikupita miaka mingi ila vingi vilikuwa vimefungwa. Moja ya sababu kubwa za kufungwa kwake ilikuwa bima: mwenye kiwanja aliogopa kudaiwa, mwenye bima aliogopa kulipa, na bei ya hofu hizo mbili ilizidi mapato ya langoni.

Je, vijana waliacha kuanguka? Hawakuacha. Waliuhamishia mchezo barabarani, penye ngazi za maofisi na kingo za bustani za watu, na huko walikutana na magari na askari. Mjini Portland, katika jimbo la Oregon, mwaka wa 1990 kikundi cha wachezaji kilianza kumwaga zege chini ya daraja la Burnside bila ya ruhusa ya mtu yeyote. Baadaye wakuu wa mji walikubali kazi yao, na kiwanja kikabaki. Mafunzo ya habari hii ni wazi. Hofu ya kudaiwa haikuyaondoa maanguko. Iliyaondoa tu mahali palipotengenezwa kwa ajili yake, ikayapeleka mahali ambapo gari huweza kupita juu ya aliyeanguka.

Wahenga wetu walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Watu huitumia methali hii kama maji ya kunawia mikono: mtoto ameonywa, hakusikia, basi na akatwe apate kujua. Mabaraza ya miji ya Marekani hayakupata kuisikia methali yetu, lakini yalipoanza kujenga viwanja vya ubao kwa fedha za umma yaliitenda kwa moyo wote. Mimi sina ugomvi na methali. Nina ugomvi na wale waisomao nusu. Methali yasema mpe wembe. Haisemi mpe wembe wenye kutu. Kati ya kukatwa na makali ya wembe na kudhuriwa na kutu yake kuna tofauti kubwa. Makali ni tabia ya wembe, na aliyeutaka wembe ameyataka makali yake. Kutu si tabia ya wembe. Kutu ni uzembe wa mwenye kuuweka. Tofauti hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Ili tuone tofauti hiyo katika sheria, yafaa kwanza tujue sheria ilitoka wapi. Zamani umma haukushtakiwa. Mwaka wa 1788 huko Uingereza mtu mmoja aliwashtaki wakazi wa wilaya ya Devon kwa kuwa gari lake liliharibika juu ya daraja bovu ambalo wilaya ilipaswa kulitengeneza. Mahakama ilimnyima haki. Ilionekana kwamba wilaya haikuwa na mfuko wa kulipia, na jaji mmoja aliona kuwa afadhali mtu mmoja apate hasara kuliko umma mzima upate usumbufu. Fikira hiyo ilivuka Atlantiki, ikaishi Marekani maisha marefu. Huko California iliangushwa mwaka wa 1961, wakati Mahakama ya Juu ya jimbo, kwa kalamu ya Jaji Roger Traynor, ilipoamua kwamba mgonjwa aliyeanguka katika hospitali ya umma ya wilaya ya Corning aweza kuidai hospitali hiyo, na kwamba kinga ya zamani ya serikali ilikuwa kosa na dhuluma.

Bunge la jimbo halikukaa kimya. Mwaka wa 1963 lilitunga sheria ya kupanga upya madai dhidi ya serikali, na ndani yake liliweka kanuni ambayo naiona kuwa ya haki sana. Baraza laweza kudaiwa kwa sababu ya hali ya hatari ya mali yake, ikiwa mdai atathibitisha mambo manne: kwamba mali ilikuwa katika hali ya hatari, kwamba hali hiyo ndiyo iliyomwumiza, kwamba jeraha la namna ile lilitazamiwa na mtu wa akili, na kwamba hatari ililetwa na uzembe wa mtumishi wa baraza, au baraza liliijua, au lilipaswa kuijua mapema ya kutosha kuiondoa au kuionya. Ukiyatazama mambo hayo manne, utaona hayalidai baraza liwe nabii. Yanalidai liwe na macho.

Mwaka wa 1983 bunge hilo liliongeza kanuni nyingine, ya michezo ya hatari. Mtu ashirikiye mchezo wa hatari katika mali ya umma, naye anajua au alipaswa kujua hatari yake, hana dai juu ya serikali kwa jeraha litokalo katika mchezo huo. Kwa muda wa miaka kumi na minne mabaraza hayakuwa na hakika kama ubao wa magurudumu umo katika hesabu hiyo, na mengi yalikataa kujenga. Mwaka wa 1997 ilitungwa sheria ya ubao wenyewe, nayo ilianza kazi mwaka uliofuata. Ilisema kwamba kuchezea ubao katika kiwanja cha umma kuhesabiwe kuwa mchezo wa hatari, kwa mchezaji aliyefikia umri uliotajwa, aliyeumia katika kufanya maruko na hila za mchezo, na katika kiwanja kilichotimiza masharti. Masharti yalikuwa kofia ngumu ya kichwa na kinga za viwiko na magoti. Kiwanja kisicho na msimamizi kiliweza kuyatimiza kwa baraza kutunga sheria ndogo ya kuamuru mavazi hayo na kuweka vibao vya kuitangaza. Mwaka wa 2015 bunge lilikwenda mbele zaidi, likaziingiza katika mpango kama huo baiskeli na vyombo vingine vya magurudumu vitumiwavyo katika viwanja hivyo.

Sasa nageuka kwa wapinzani wangu wa kwanza, wale waionao sheria ya 1997 kuwa hila ya wakubwa ya kuwanyima fidia watoto wa watu. Hoja yao ina huruma nyingi, na kwa hiyo yastahili kujibiwa kwa adabu. Wao husema: baraza limejenga, baraza limekaribisha, mtoto ameumia, basi baraza lilipe. Lakini huruma hiyo yamtazama mtoto mmoja tu, aliyekwisha kuumia. Haiwatazami mamia ambao kiwanja chao kitafungwa kesho yake kwa sababu ya hukumu ya leo. Nimekwisha kueleza walikokwenda vijana viwanja vya kwanza vilipofungwa. Tena kuna jambo la heshima. Kijana wa miaka kumi na sita apandaye ukuta wa zege anajua atakalolipata asipokuwa na mizani. Kumwambia kwamba hakujua ni kumdharau. Mchezo usio na anguko si mchezo huo, na sheria inayomlipa mtu kwa anguko alilolitafuta inamfanya mtoto wa maisha.

Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliyaona haya mwaka wa 2003. Kijana mmoja wa miaka kumi na minane alijitosa kichwa mbele katika maji mafupi ya ziwa lililokuwa chini ya baraza la Congleton, akavunjika shingo, akapooza. Vibao vya kukataza kuogelea vilikuwapo, na watu walikuwa wakivipuuza siku zote. Mahakama ya Rufani ilimpa haki kwa sehemu. Mabwana wa sheria wa House of Lords waliitengua hukumu hiyo. Sababu zao zilikuwa nyingi, lakini mbili ndizo zinazotuhusu. Ya kwanza: hatari iliyompata haikutoka katika ubovu wa mahali, kwa kuwa ziwa lilikuwa ziwa kama maziwa mengine; ilitoka katika tendo lake mwenyewe. Ya pili: si haki kuharibu fukwe zilizopendwa na watu wengi wasio na hatia kwa sababu ya wachache wenye kutenda ya hatari. Na baraza lile kweli lilikuwa limekusudia kuziharibu fukwe hizo, kuzifukia udongo na kupanda mimea, ili mtu asivutwe tena na maji. Hebu msomaji afikiri jambo hilo. Hofu ya kudaiwa ilitaka kumwua ng'ombe ili asipige teke.

Kwa hiyo sina shaka kwamba baraza halipaswi kulilipia anguko. Lakini wapinzani wangu wa pili, ambao ni wengi zaidi na wana vyeo zaidi, wameisikia hukumu ya namna hii wakairukia kwa furaha wasiyostahili. Wanasema: kama anguko si letu, basi hapana kilicho chetu. Tumetunga sheria ndogo, tumetundika kibao, tumemaliza. Hapa ndipo nusu ya pili ya methali inapotupwa.

Hao hawakuisoma sheria wanayoitegemea. Kinga ya mwaka wa 1983 ilitolewa pamoja na milango ambayo kwayo hutoka. Hutoka ikiwa baraza halikuonya hatari lililoijua, ambayo si sehemu ya asili ya mchezo. Hutoka ikiwa baraza limetoza ada maalumu ya kushiriki mchezo ule. Hutoka ikiwa baraza halikukitunza katika hali njema chombo au jengo linalotumika kwa mchezo. Hutoka kwa uzembe uliopita kiasi. Na sheria ya ubao ya 1997 yenyewe ilisema wazi kwamba haikukusudia kupunguza wajibu mwingine wowote wa baraza, pamoja na ule wa kuwalinda watu na hali ya hatari ya mali ya umma. Yaani mtunga sheria alimpa baraza ngao kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akampa fagio na mwiko wa kuashia. Baraza limeitwaa ngao, likaacha fagio chini.

Tuutazame ubovu wa kiwanja jinsi ulivyo. Zege hupasuka. Mvua huingia katika ufa, na katika nchi za baridi maji yale huganda, yakatanuka, yakaupanua ufa. Mwaka wa pili ufa huo waweza kulimeza gurudumu. Ukingo wa chuma uliowekwa juu ya bakuli hulegea misumari, ukainuka kadiri ya unene wa kidole. Upepo huleta mchanga. Ulevi wa usiku huacha vipande vya chupa. Taa hufa. Mchezaji ashukaye kwa kasi haoni haya mpaka yamempata, na akiyaona hana breki. Je, hizo ndizo hatari alizozikubali alipoingia langoni? Alikubali mteremko, alikubali kasi, alikubali uchache wa ustadi wake mwenyewe. Ufa hakuukubali, kwa sababu ufa si mchezo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Nami naongeza kwamba asiyeziba ufa hana haki ya kumwambia aliyetumbukia kwamba hatari ilikuwa yake.

Hapa naomba ruhusa ya kusema kama mtu wa lugha, maana kibao ni maneno kabla hakijawa sheria. Maneno "hatari yako" yana kimilikishi, na kimilikishi hicho ndicho kinachofanya hila yote. Hatari ya kasi yangu ni yangu. Hatari ya chuma kilicholegea haiwezi kuwa yangu kwa kuandikiwa tu, kama vile deni la jirani lisivyoweza kuwa langu kwa kuwa jirani amelibandika jina langu mlangoni pangu. Kibao hakigawi hatari. Hutangaza tu mgawo ambao haki imekwisha kuufanya. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1957 juu ya dhima ya mwenye mahali ililijua jambo hili. Ilisema kwamba onyo peke yake halimwondolei mwenye mahali dhima, isipokuwa limetosha kumwezesha mgeni kuwa salama. Ilisema pia kwamba mwenye mahali ajiweke tayari kwa watoto wenye hadhari ndogo kuliko watu wazima. Kibao kimwambiacho mtoto kwamba pana hatari, bila ya kumwambia hatari iko wapi na ni ya namna gani, hakijamwonya. Kimejishuhudia tu kwamba mwenyewe aliijua.

Tuna maneno mawili katika Kiswahili ambayo yafaa kuwekwa mbele ya kila diwani. La kwanza ni ajali. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni muda uliokadiriwa, saa iliyoandikwa. Ndiyo sababu twasema ajali haina kinga, kana kwamba kila gari lipinduke na kila mtoto aanguke kwa kalamu isiyofutika. Baraza hulipenda neno hili, kwa kuwa kilichoandikwa mbinguni hakiandikwi katika daftari la mafundi. Lakini msumari uliolegea tangu Januari hadi Juni haukuandikwa na mtu ila yule aliyepaswa kuukaza. Neno la pili ni dhima. Hilo nalo lina asili ya Kiarabu, na ndani yake kuna mambo mawili yasiyotengana: deni lililo juu ya mtu, na ulinzi anaomwahidi mwingine. Kwa lugha yetu, basi, kuwa na dhima ya kiwanja si kungojea kushtakiwa. Ni kumweka mchezaji katika ulinzi wako kabla hajaumia. Aliyeutimiza ulinzi amelipa deni lake tayari, wala haogopi mahakama.

Watetezi wa baraza watanijibu kwa hesabu. Watasema fedha za fidia hutoka katika mfuko ule ule ununuao vitabu vya maktaba na dawa za zahanati, na mji mdogo waweza kufilisika kwa hukumu moja. Jibu hili si dogo, wala silidharau. Lakini ni hoja ya kuziba ufa, si hoja ya kuuacha. Kuukaza msumari ni kazi ya mtu mmoja na bisibisi. Kufagia mchanga ni kazi ya asubuhi moja. Kuandika katika daftari tarehe ya ukaguzi na jina la mkaguzi ni kazi ya kalamu. Mji uliojenga bakuli la zege kwa fedha nyingi, ukadai hauna fedha za fagio, hauna upungufu wa fedha. Una upungufu wa nia. Tena sheria ya 1997 iliyaamuru mabaraza kuweka kumbukumbu ya majeraha yote yaliyojulikana katika viwanja vyao. Daftari la namna hiyo, likisomwa, ni mwalimu: watoto watatu wakivunjika mkono katika kona moja, kona hiyo ina neno la kusema. Likiwekwa kabatini bila ya kusomwa, siku moja litafunguliwa mahakamani, na hapo litamshuhudia mwenye kabati kwamba alijua.

Watasema tena kwamba mtu aliyeumizwa na ubovu ana njia ya kudai, na kwa hiyo haki imekamilika. Njia ipo, lakini wembamba wake hausemwi. Huko California dai la jeraha la mwili dhidi ya baraza hutakiwa kuletwa kwa maandishi kwa baraza lenyewe katika muda wa miezi sita, kabla ya kwenda mahakamani. Mwanasheria wa baraza huijua hesabu hiyo kama ajuavyo siku za juma. Mama aliyekaa miezi minne kando ya kitanda cha mwanawe haijui. Kibao cha langoni kina nafasi ya kumwambia mtoto kwamba hatari ni yake. Hakina nafasi ya kumwambia mzazi kwamba siku zake zinahesabiwa. Kama baraza linapenda sana kuandika vibao, na liandike na hicho.

Nataka mambo matatu, nayo si makubwa. La kwanza, kiwanja kikaguliwe kwa siku zinazojulikana, na ripoti ya ukaguzi ibandikwe langoni, kando ya kile kibao cha hatari, ili mchezaji asome pande zote mbili za mkataba. La pili, ubovu ukionekana na usiweze kuondolewa siku ile, sehemu ile ifungwe kwa kamba, si kiwanja kizima kwa kufuli. Maana kufuli ni dawa ya mvivu. La tatu, amri ya kofia ngumu iwe amri kweli. Kutunga sheria ndogo ya kofia, kisha kutompeleka hata mtu mmoja kuangalia kama inavaliwa, ni kununua kinga ya baraza kwa bei ya kichwa cha mtoto. Afadhali baraza liweke sanduku la kofia za kuazima langoni kuliko vibao kumi vya kuziamuru.

Yawezekana msomaji wa huku kwetu akauliza, yote haya yatuhusu nini? Yatuhusu. Katika mtaa wa Kitintale, mjini Kampala, kiwanja cha ubao wa magurudumu kilijengwa tangu mwaka wa 2006, si na wakuu wa mji, bali na wachezaji wenyewe kwa mikono yao, kama walivyofanya wenzao wa Portland. Na Kenya ina sheria yake ya dhima ya mwenye mahali, Sura ya 34, iliyofuata nyayo za ile ya Uingereza ya 1957, pamoja na lile neno lake juu ya onyo lisilotosha. Vijana hawangoji mabaraza. Siku mabaraza yetu yatakapowafuata, yakajenga kwa fedha za umma, jambo la kwanza litakaloagizwa kutoka ng'ambo litakuwa kile kibao, kwa sababu ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Afadhali tukijue kabla hakijafika.

Basi neno langu ni moja. Tusimlipe mtoto kwa anguko lake, kwa kuwa ni mali yake. Ndani yake amejifunza kusimama, na anayemnunulia anguko amemwibia kusimama kwake. Lakini ufa tusimpe. Ufa ni wa baraza, ulipotokea na utakapozibwa, na hakuna rangi ya kibao iwezayo kuuhamisha. Mtoto akililia wembe, mpe. Ila kwanza uunoe, uufute kutu, ukae naye karibu, na usiwe wa kwanza kuuliza nani aliyemwambia aushike.